Kabla ya Kuuliza "Bado Tu?": Mwongozo wa Kuzungumza na Mtu Aliyekosa Mtoto

Mimi ni mshonaji. Nina mashine mbili Kadutu, sehemu ya jiji la Bukavu mashariki mwa Kongo, si mbali na soko, na kazi yangu inanilazimu kuwazungushia wanawake mita ya kupimia kiunoni. Kiuno kinasema mengi. Kuna mimba nilizozijua kabla ya waume wenyewe. Mwaka juzi, wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yetu, mdogo wangu alileta kikwembe chake, yaani kitenge, nimshonee libaya, blauzi yetu ya sherehe. Wateja wanne walikuwa wameketi wakingoja zamu. Nikavuta mita, nikaona sentimeta nne zaidi ya vipimo vyake vya zamani, nikapaza sauti kwa furaha: "Ee! Hiki kiuno kimeanza kusema. Kuko habari?" Wale wanne wakapiga vigelegele.

Hakukuwa na habari. Alikuwa na miaka saba ya ndoa, na tumbo lile lilikuwa limevimba kwa dawa alizopewa za kukomaza mayai. Alicheka pamoja nasi, akaacha kitambaa mezani, akaenda. Harusini hakuja. Kwangu hakukanyaga miezi mitano.

Naandika haya kwa sababu siku ile sikuwa na ubaya moyoni hata chembe. Waliomuumiza mdogo wangu kwa miaka hiyo saba karibu wote walikuwa wanampenda. Bukavu tunasalimiana kwa kuhesabu watoto, tunaombeana watoto, tunaitana kwa majina ya watoto, na mtu asiye nao anachomwa kutwa nzima na watu wanaotabasamu. Yeye mwenyewe amesoma mwongozo huu. Amefuta sehemu mbili na kuongeza moja.

Hatua ya 1: Safisha kwanza kichwa chako

Mdomo hutoa kilichomo kichwani, na vichwa vyetu vimejaa uongo kuhusu jambo hili. Kwa hiyo tuanzie huko, kabla hujamfuata mtu.

Madaktari huanza kuliita ugumba pale wenzi wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isiingie. Mwanamke akishavuka miaka 35 hushauriwa asingoje mwaka mzima; miezi sita inatosha kwenda kupimwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na tatizo hili wakati fulani maishani. Hesabu watu sita kwenye benchi lako la kanisani Jumapili ijayo. Kisha hesabu benchi la nyuma.

Sababu ni nyingi, na nyingi hazionekani kwa macho. Kuna mirija iliyoziba, mara nyingi kwa maambukizi ambayo hayakutibiwa vizuri: ya zinaa, ya baada ya kuzaa, ya baada ya mimba kutoka. Kuna mayai yasiyokomaa, kuna uvimbe kwenye kizazi. Kwa mwanaume kuna mbegu chache au dhaifu, kuna mishipa ya korodani iliyovimba, kuna matumbwitumbwi ya ukubwani yaliyoshuka hadi kwenye korodani. Upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke, katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii. Na wapo wanaopimwa kila kitu, na hakuna kinachoonekana.

Pia yupo aliyezaa mmoja, kisha akakwama. Huyu tunamsahau kabisa. Tunamwambia "we una bahati", naye kila usiku anaulizwa na mtoto wake wa miaka tisa kwa nini hana mdogo.

Sasa uongo. Mimba haikosekani kwa sababu kuna mzee wa familia aliyekosa sehemu yake ya mahari akafunga tumbo la msichana. Haikosekani kwa sababu lazima aliwahi kutoa mimba akiwa shuleni. Vidonge vya kupanga uzazi haviui uzazi; sindano ile ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha, basi, ni hapo inapoishia. Huna haja ya kuwahubiria watu haya. Unahitaji tu kuwa umeyajua, ili swali lako lisibebe hukumu ndani yake.

Kivu, eneo letu hili, ina sababu nyingine ambayo lazima niiandike. Hospitali ya Panzi ilianzishwa hapa kwetu mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, na sehemu kubwa ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 ni kuwatibu wanawake waliobakwa na kuharibiwa viungo vya uzazi katika vita hivi. Baadhi yao ni majirani zako. Wengine waliolewa baadaye, wanauza nyanya, wanaimba kwaya, na hawajamwambia yeyote. Ukimuuliza mwanamke "ilianzaje?" huenda unamrudisha kwenye usiku ambao ametumia miaka kuuzika. Hana deni la kukueleza chanzo. Usikisie chanzo, hata kimoyomoyo, maana ukishakisia macho yako yatakusaliti.

Hatua ya 2: Badilisha salamu na jina

Hapa ndipo pana kazi kubwa, na haigharimu hata faranga.

Salamu yetu inajulikana: "Habari ya nyumba? Bwana? Batoto?" Ukifika kwa asiye na mtoto, kuna njia mbili mbaya. Ya kwanza ni kuuliza kwa mazoea, kisha kujishika mdomo mbele yake. Ya pili ni kukata salamu ghafla baada ya "bwana", ukaacha shimo ambalo nyote wawili mnaliona. Njia ya tatu ni kuwa na maswali yako tayari, ya kweli, yanayomhusu yeye: habari ya kazi, magoti ya mama yake yanaendeleaje, ile nyumba ya Bagira walimaliza mabati? Anayeulizwa maswali matatu hasikii kukosekana kwa lile la nne.

Halafu jina. Mwanamke wa kwetu akizaa, jina lake linapumzika. Anakuwa Mama Amani, Mama Neema. Asiyezaa anabaki na jina la utotoni wakati wenzake wote wamepanda daraja, na kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, akina mama wakiitwa mmoja mmoja, lake linasikika kama la msichana aliyetumwa chumvi. Dawa ipo na tunayo tayari: neno Mama mbele ya jina lake mwenyewe. Mama Chantal. Mama Jolie. Ni heshima kamili, na tunaitumia kila siku kwa wake za wachungaji. Kumpa jina la mtoto wa ndugu anayemlea ni vizuri pia, ila muulize kwanza. Mdogo wangu alikataa. "Nitaitikia jina la mtoto wa mtu, halafu atarudi kwao, nami nitabaki na nini?"

Maneno kama tasa na mgumba yaache. Mgumba ni neno linalovuka mto Ruzizi kwenda Rwanda bila jetoni, kile kibali cha mpakani; ng'ambo wanasema ingumba, na pande zote mbili linauma sawasawa. Nimegundua pia kwamba Kiswahili chenyewe kina mtego: "hazai" inahukumu, "hajazaa" inaahidi, na ahadi ya mtu mwingine juu ya mwili wako ni mzigo. Sema "hawana mtoto". Sentensi inatoa habari, kisha inanyamaza. Na sema "hawana", wawili, si "hana".

Hatua ya 3: Usigonge mlango, uache wako wazi

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: nianzeje? Jibu langu, usianze. Jambo hili huanzishwa na mwenyewe. Kazi yako ni kuwa mtu ambaye ni rahisi kumwanzia.

Mahali pana maana kubwa. Nusu ya Kadutu tunaishi kwenye nyumba za mbao. Ukikohoa jirani anakupa pole. Usimpokee mtu mazungumzo haya ndani ya chumba ambacho ukuta wake ni ubao mmoja. Wala kwenye teksi, wala kwenye foleni ya maji, wala mbele ya watoto wako, ambao wana masikio na midomo. Tembeeni. Barabara ya kushuka kuelekea ziwa jioni inafaa, kwa sababu mnatazama mbele na hakuna anayelazimika kutazamwa akilia. Au mpe kazi ya mikono: kuchambua sombe, majani ya muhogo, kuchagua maharage. Nimeona mara nyingi, mwanamke akiwa ameinamia ungo husema mambo ambayo akiwa kwenye kiti cha sebuleni hayasemi.

Kwa simu, ujumbe mfupi unatosha: "Nimekukumbuka leo. Usisumbuke kujibu." Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, kwa sababu kuna siku kujibu kwenyewe ni kazi. Usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tulikuwa na mjomba aliyeanza kutuma sala kila asubuhi saa kumi na mbili "kwa ajili ya tumbo la binti yetu", jina likiwa limeandikwa, watu 63 wakiitikia amina. Alidhani anamsaidia.

Hatua ya 4: Anapofungua mdomo

Hatimaye mdogo wangu alirudi, na siku moja tukiwa tunachagua maharage aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, akasema:

"Yaya, nimechoka."

"Nakusikia."

"Hata kuomba nimechoka."

Nilikuwa na majibu saba kooni. Nikayameza. "Basi leo usiombe. Tuko hapa."

Alinyamaza muda ambao niliuona kama Misa nzima. Kisha akasema mambo ya miaka saba, bila mimi kuuliza hata moja.

Hiyo ndiyo mbinu, na ni ngumu kuliko inavyoonekana, hasa kwetu dada wakubwa tuliozoea kutoa amri. Mwache anyamaze. Usijaze ukimya. Akilia usimwambie anyamaze. "Nyamaza" ni neno la kumbembeleza mtoto, na kwa mtu mzima maana yake ni kwamba machozi yake yanakusumbua wewe.

"Pole" inatosha, ukiisema mara moja na kwa taratibu. Unaweza kuongeza "ni nzito", kwa sababu ni nzito. Baada ya hapo nina maswali matatu tu ninayoyaruhusu. La kwanza: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia pamoja?" Watu wengi hutaka la kwanza, na tunawapa la pili. Swali la pili: "Nani mwingine anajua?" La tatu: "Nani asijue?" Haya mawili ya mwisho yanazuia maafa. Mimi sikujua kwamba mama yetu hakuwa ameambiwa habari ya dawa zile, na ilibaki kidogo nimtobolee.

Siri hiyo humwambii hata mumeo. Ndiyo, hata mumeo. Atakaa na shemeji yake kwenye bia Jumamosi, na uso wake utasema.

Hatua ya 5: Sentensi tulizozizoea

Hizi zote nimeshazisema. Naziandika pamoja na kile mdogo wangu aliniambia alikuwa anasikia.

"Mungu ana wakati wake." Ni kweli kwa anayeamini, na yeye anaamini kuliko mimi. Lakini ikitoka kwa mama wa watoto wanne, anasikia: wakati wangu Mungu aliutunza, wako ameuahirisha. Akiisema yeye, itikia. Usiitangulie.

"Punguza mawazo, itaingia yenyewe." Mirija iliyoziba haizibuliwi na usingizi. Sentensi hii inamfanya awe na kosa la kuwaza juu ya shida aliyonayo.

"Kuna mama fulani wa Nyamugo alipata baada ya miaka kumi na minne!" Hii ndiyo tunaipenda kuliko zote. Tunadhani tunatoa tumaini. Anayesikia anapiga hesabu: yeye yuko mwaka wa saba, maana yake amebakiza saba mingine ya kuulizwa kwenye mita ya kupimia. Tena kila aliye katika hali hiyo anamfahamu pia yule ambaye miaka kumi na minne ilipita na hakupata, lakini huyo hadithi yake haisimuliwi.

"Chukua mtoto wa ndugu, tumbo litafunguka." Mtoto si ufunguo. Kulea mtoto wa ndugu ni jambo jema na la kawaida kwetu, na sheria ya familia ina utaratibu wa kuasili kwa anayetaka. Lakini anayechukua mtoto achukue kwa sababu anamtaka huyo mtoto.

"Ni nani kati yenu?" Hapana. Hata kwa sauti ya chini, hata kwa dada yako. Jibu lolote atakalotoa litageuka silaha mikononi mwa familia moja dhidi ya nyingine.

"Angalau mnalala usingizi", "chukua wa kwangu hawa, wamenichosha": hiyo ni mizaha, najua. Ifanye mbele ya wengine.

Kuna moja mdogo wangu alisema ilimuuma kuliko hizi zote, na haina maneno. Ni yule anayemwona anakuja, akamwondoa mtoto wake mchanga begani na kumfunika, kana kwamba jicho la mdogo wangu litamdhuru.

Hatua ya 6: Mbele ya ukwe

Mwongozo huu ungekuwa mfupi kama tungekuwa tunazungumza wawili wawili tu. Lakini maneno makali kwetu husemwa mbele ya watu: kwenye mahari, kwenye kuondoa kilio, kwenye ubatizo, sinia likiwa limeshikwa na watu wanane. Utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke nchini mwetu. Ndani ya nyumba zilizozoea hesabu hiyo, mwanamke asiye na hata mmoja huonekana kama meza tupu sokoni, na kila mpita njia anajiona na haki ya kuuliza bidhaa zilikwenda wapi.

Ukiwa umeketi hapo, wewe ndiwe ukuta wake. Usimwache ajitetee. Sema jambo fupi, kwa heshima, kisha uhamishe mazungumzo mara moja. Shangazi wa mume akisema "Mwaka huu tunataka kusikia kilio cha mtoto humu ndani", unaweza kujibu: "Shangazi, mambo ya chumba tuwaachie wenye chumba. Hebu tuambie, ile ng'ombe ya Walungu ilishafika?" Unamtaja shangazi kwa cheo chake, unamkata, unampa jambo jingine la kushika. Kwa mzee wa kiume: "Baba mkubwa, tumekusikia. Chakula kinapoa." Kwa wifi wa rika lako huna haja ya adabu zote hizo, mvute pembeni umwambie wazi kwamba maneno yale yanaumiza.

Mama mkwe ni suala la pekee. Tunamchora kama simba, na wapo wa hivyo, lakini wengi wana hofu yao wenyewe. Anaogopa kufa bila kumwona mjukuu wa kijana wake. Wenzake wa kanisa wanamuuliza yeye pia, kila Jumapili, naye hana jibu. Anayemfaa kuzungumza naye si mkwe wake. Ni mwanawe, au mama wa rika lake anayeheshimika. Mama yetu ndiye aliyekwenda kwa mama mkwe wa mdogo wangu, na mfuko wa mchele kichwani, bila kutaja tumbo la mtu hadi chai ilipokwisha. Kisha akasema tu: "Mama, hawa watoto wetu wanateseka. Tusiwaongezee." Yule mama akalia. Hajauliza tena.

Kwa mume kuna ushauri mwingine unaonong'onwa: atafute biro ya pili, yaani nyumba ndogo, "tuone kama shida ni yake". Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haitambui mke wa pili. Anayenong'ona hivyo anamsukuma mwanamke mwingine na mtoto wake kwenye maisha ya mlangoni. Ukisikia, sema hivyo.

Hatua ya 7: Mwanaume naye

Tunamzungumzia mke, tunamsahau mume. Hakuna anayemuuliza, na wanaomuuliza wanafanya mzaha wa kwenye bia: mashine imekufa, tukusaidie? Anacheka, anaagiza chupa nyingine. Shemeji yangu alikuwa akicheka hivyo, halafu anapita njia ndefu kurudi nyumbani.

Kwa rafiki wa kiume, maneno machache yanafaa zaidi, na mkiwa mnafanya jambo: mnatengeneza pikipiki, mnatazama mpira. "Ndugu, na wewe unashikaje?" Hiyo tu. Akijibu "tuko", acha, umeshamwonyesha pa kuja. Mzaha ukianza mezani, usicheke. Ukimya wa mtu mmoja unauharibu mzaha kabisa.

Na akikuomba shauri, mwambie kwamba kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vyote anavyopitishwa mke wake: anakaa siku mbili hadi saba bila kukutana na mwanamke, anatoa sampuli, basi. Wanaume wengi hupeleka wake zao kwa daktari miaka mitatu kabla ya kukubali kikopo hicho kimoja.

Hatua ya 8: Ukiwa na mimba wewe

Mwambie peke yake, mapema, kabla ya kundi la familia. Mwandikie ujumbe, usimwite nyumbani umtazame usoni ukingoja afurahi. Ujumbe unampa nafasi ya kulia kwanza na kukupongeza kesho yake. "Nilitaka uzisikie habari hizi kwangu. Nina mimba. Najua inaweza kuwa siku ngumu kwako. Chukua muda wako." Usiombe msamaha kwa kuwa na mimba, utamlazimisha akufariji.

Kwenye ubatizo mwalike, na mwambie anaweza asije. Usimwamulie kwa "kumwonea huruma" ukamnyima kadi. Hilo pia alinifundisha.

Mimba ikimtoka, hiyo ni msiba. Tulivyozoea kwenda kwenye msiba ndivyo twende: tunakaa, tunapika, hatuelezi. "Utapata mwingine" haisemwi kwa aliyefiwa.

Hatua ya 9: Kanisani

Wachungaji na viongozi wa maombi, nawaomba jambo moja: msiwaite mbele "akina mama wanaotafuta mtoto". Anayebaki kitini anateseka, anayesimama anateseka zaidi, na wiki ijayo mtaa mzima unajua. Kwenye siku ya akina mama mwezi wa Mei, msiwasimamishe waliozaa ili wapewe ua. Toeni ua kwa kila mwanamke mlangoni, mtakuwa mmemaliza.

Mnapenda kuhubiri habari za Hana, yule mwanamke wa Biblia aliyelilia mtoto hekaluni. Kumbukeni basi kwamba kuhani alimwona akisali bila sauti akadhani amelewa, akamkemea kabla ya kumsikiliza.

Hatua ya 10: Akiomba msaada wa kwenda kutibiwa

Toa habari alizoomba, usizidishe. Daktari wa magonjwa ya wanawake yupo Panzi, yupo Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa. Wenzi waende pamoja, wabebe karatasi zote za vipimo vya zamani ili wasilipie mara mbili. Toa msindikizo: "Jumanne nitafunga duka, twende wote." Kile kipimo cha kupigwa picha ya mirija kwa dawa inayoingizwa kwenye kizazi kinauma, na kurudi peke yako na pikipiki baada ya hapo si vizuri.

Dawa za mizizi, hasa za kuingiza ukeni, usimletee. Zinaweza kuchoma na kuleta maambukizi. Akiamua kufunga na kuomba, muombee, ila usimwambie aache vidonge. Wengine huvuka mpaka hadi Kigali kutafuta utungishaji wa nje ya mwili. Usiuite "mtoto wa chupa". Wa kwanza aliyepatikana kwa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwezi wa Julai 1978, amekuwa mtu mzima na kuzaa watoto wake bila msaada huo. Njia yenyewe ni ghali, na mara nyingi haifaulu kwa jaribio la kwanza. Usiulize ilikuwa dola ngapi. Usiulize majibu yametoka lini. Kama una cha kuchangia, kitie kwenye bahasha, usidai taarifa.

Na wenzi wakisema wameacha kutafuta, amini. Usiwatafutie daktari mwingine.

Ukishakosea

Utakosea. Mimi nilikosea na mita shingoni. Ukigundua papo hapo, sema "samahani, nimesema vibaya", kisha badilisha habari; usieleze ulivyokuwa na nia njema. Ukigundua baadaye, nenda mwenyewe, bila kumtuma mtu.

Mimi nilingoja miezi mitano, ambayo ni mingi mno. Nilipanda Bagira na libaya lake nikiwa nimelimaliza kwa vipimo vile vilevile, nusu kilo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mfuko. Nikamwambia mlangoni: "Siku ile nilikuaibisha mbele ya watu. Sitakuuliza tena jambo hilo, na sitakupima mbele ya mtu." Alichukua sambaza, akaacha mlango wazi, akaingia ndani. Sikujua kama nimekaribishwa. Nikasimama pale kidogo, kisha nikasikia anauliza kutoka jikoni kama nimeleta na kitunguu.

Sikuwa nimeleta. Nikashuka kununua.